Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka wa Kuandika Mifumo ya Redio ya Tranki

Ndugu wanachama wenzangu,

Asanteni kwa kufika, na asanteni nyinyi mtakaoisoma taarifa hii mkiwa Arua, Busia na Mbarara kwa kuwa nauli haikuruhusu. Nitazungumza kwa kirefu juu ya jambo moja, nalo ni kurasa tulizoandika kwenye wiki yetu, yaani tovuti ambayo wanachama huiandika na kuihariri kwa pamoja, kuhusu mifumo ya redio ya tranki. Mengine nitayapitia haraka. Kamati ilipendekeza kila idara ipewe muda sawa, ila mimi naona kazi ya wiki ndiyo iliyotupima mwaka huu kama chama, na inastahili nafasi yake.

Kwa ajili ya wanachama wapya nianze na msingi. Kwenye redio koli za kawaida kila idara ina chaneli yake: walinzi yao, mafundi yao, madereva yao. Ya walinzi inaweza kukaa kimya saa nzima huku madereva wakikatizana maneno kwenye ya kwao. Katika mfumo wa tranki chaneli zote ni za wote. Ni kama stage ya boda boda: huna pikipiki yako maalumu, unapanda iliyo mbele, na ukishuka inarudi kumngoja mwingine. Mgawaji ni kompyuta ya mnara, na amri zake hupita kwenye chaneli ya udhibiti. Fundi akibonyeza kitufe, redio yake hutuma ombi fupi huko. Kompyuta huchagua chaneli iliyo wazi, kisha huziamuru redio zote za kundi lake la maongezi zihamie hapo. Akimaliza, chaneli inaachiwa.

Faida ya kugawana hivyo alishaionyesha Mdenmark Agner Krarup Erlang kwa hesabu za simu, mwanzoni mwa karne iliyopita. Ukikubali maombi 2 kati ya 100 yakose nafasi, chaneli moja peke yake hubeba mzigo wa Erlang 0.02 tu (Erlang 1 ni chaneli moja inayotumika muda wote). Tano zilizotengwa zitabeba 0.1 kwa jumla. Zile zile tano zikiunganishwa hubeba karibu 1.66, yaani zaidi ya mara 16. Ndiyo maana viwanda, migodi, viwanja vya ndege na vikosi vya uokoaji duniani huingia gharama ya mfumo wa namna hii.

Sasa niingie kwenye kazi yenyewe. Mwanzoni mwa mwaka kamati iliamua kwamba mstari wowote wa jedwali usiosema nani alipima, lini, akiwa wapi na kwa kifaa gani, utaondolewa kwenye ukurasa na kupelekwa kwenye ukurasa wa majadiliano mpaka upate ushahidi. Najua uamuzi huo uliwaumiza baadhi yenu. Kurasa zilizokuwa ndefu zilibaki na mistari michache, na ndugu zetu waliokesha wakiziandika waliona jasho lao limefutwa. Halikufutwa: historia ya mabadiliko inahifadhi kila herufi, na kilichohamishwa kinarudishwa siku ushahidi unapopatikana. Ila msimamo wangu haujabadilika. Kwenye jedwali, namba ya kweli na namba ya kubahatisha zinafanana kabisa. Msomaji aliye Gulu hana njia ya kuzitofautisha isipokuwa sisi tumpe njia hiyo.

Kilichotokea Busoga kinaonyesha ninachosema. Kiwanda kimoja huko kilitupa barua ya ruhusa kuandika mfumo wake wa DMR (kiwango cha redio za kidijitali) wa daraja la tatu, ambalo ndilo la tranki, na tukawatuma vijana wawili wapime kila mmoja kivyake. Walirudi na majibu mawili: masafa ya chaneli ya udhibiti yalipishana kwa kHz 22 na kitu, na mmoja wao akawa tayari ameshaandika kwamba kiwanda kina vituo viwili. Katibu wetu ndiye aliyesita. Alijua kwamba chaneli za mfumo ule hupangwa kwa hatua za kHz 12.5, kwa hiyo tofauti ya vituo viwili ingekuwa 12.5 au 25, wala si namba ya katikati. Tena vijana wote wawili walikuwa wamenasa namba ileile ya kituo na “rangi” ileile ya mfumo (nayo ni namba ya utambulisho tu), na vitu hivyo hutangazwa na chaneli ya udhibiti yenyewe.

Kosa lilikuwa kwenye kidude cha USB cha kupokelea redio walichopimia. Vidude hivi vyenye chipu ya RTL2832U vilitengenezwa kwa ajili ya kupokea televisheni, na ni tangu 2012 ndipo wapenzi wa redio walipojua kuwa vinafaa kupokea masafa mengi mengine. Kioo cha bei rahisi ndani yake, yaani kristali inayoshika masafa, kinaweza kukosea kwa sehemu 50 katika milioni. Kwenye MHz 450 kosa hilo ni kHz 22.5, karibu upana wa chaneli mbili. Vijana walirudi, wakakiacha kidude kipate joto, wakakilinganisha kwanza na mnara wa simu wa GSM, ambao masafa yake yanadhibitiwa kwa usahihi mkubwa. Namba mbili zikawa moja. Tangu siku hiyo kigezo chetu cha jedwali kina safu ya usahihishaji, na wakabidhi wetu, yaani wasimamizi wa wiki, hawapitishi kipimo ambacho safu hiyo iko tupu. Nawapongeza sana vijana wale. Walirudia kazi bila kununa, na ukurasa wa kiwanda kile sasa ni mfano ninaowaonyesha wageni.

Nimetaja barua ya ruhusa, na hapo naomba masikio yenu yote. Tunaandika muundo wa mfumo. Mazungumzo ya watu hayatuhusu. Sheria ya Uganda ya mwaka 2010 ya kudhibiti unasaji wa mawasiliano inakataza kunasa mawasiliano ya watu bila idhini au hati, na Sheria ya Mawasiliano ya 2013 inaiweka mitambo ya redio chini ya leseni za UCC, tume ya mawasiliano ya Uganda. Kwa hiyo mfumo wowote ulioko Uganda hauingii kwenye wiki mpaka mwenye mfumo aridhie kwa maandishi. Mifumo ya polisi, jeshi na vyombo vingine vya usalama haiingii kabisa, hata kwa tetesi, hata kwa picha ya antena iliyopigwa ukiwa kwenye taksi. Minara ya wenye ridhaa tunaiandika kwa wilaya tu, bila kutoa nukta kamili ya ramani.

Wapo waliouliza mbona Wamarekani huorodhesha hadi makundi ya maongezi ya zimamoto wao. Sheria yao ya shirikisho ya 1986 inaruhusu kusikiliza mawasiliano ya huduma za umma yaliyo wazi kwa kila mtu. Uingereza mambo ni tofauti: kifungu cha 48 cha sheria yao ya redio ya 2006 kinakataza kusikiliza ujumbe usiokusudiwa kwako. Wiki inasomwa dunia nzima, ila mkono unaoandika uko Kampala, Jinja au Tororo, na mkono huo ndio utakaotiwa pingu. Mwanafunzi mmoja wa Slovenia aliyegundua udhaifu kwenye mtandao wa TETRA (kiwango kingine cha redio za tranki za kidijitali) wa polisi wa nchi yake alihukumiwa mwaka 2016 kifungo cha nje cha miezi 15. Alichokigundua kilikuwa cha kweli, na bado alihukumiwa. Sitaki kijana yeyote wa chama hiki aingie mahakamani kwa ajili ya jedwali.

Mtauliza basi wengi wetu tunafanya nini kama mifumo ya nyumbani ni michache hivyo. Kazi ni nyingi. Tumeandika kwa Kiswahili kurasa za viwango vyenyewe, na hizo ndizo zinazosomwa zaidi na mafundi wanaotuandikia. Ukurasa wa TETRA unaeleza jinsi wimbi moja la kHz 25 linavyogawanywa katika nafasi nne za muda, na jinsi mtandao unavyotangaza namba ya nchi, ambayo kwa Uganda ni 641, ileile ya simu za mkononi. Kuna pia sehemu ya usimbaji fiche, na ile tuliibishania sana kabla ya kukubaliana. Mwaka 2023 watafiti wa Midnight Blue wa Uholanzi walitangaza kwamba TEA1, mojawapo ya njia za usimbaji za TETRA, ina ufunguo wa biti 80 unaopunguzwa ndani kwa ndani hadi 32, kiasi ambacho kompyuta ya kawaida inaweza kuumaliza. Baadhi yenu walitaka tuikwepe habari hiyo. Mimi niliunga mkono iandikwe, kwa sababu mwenye mfumo asiyejua udhaifu huo ataendelea kuamini kwamba amelindwa.

Ukurasa wa P25, kiwango cha Marekani cha redio za kidijitali za huduma za umma, nao umekamilika, pamoja na maelezo ya namba ya mtandao mpana yenye tarakimu tano za msingi wa 16. Ile inayoonekana kwenye mifumo mingi kule ni BEE00. Tafadhali zile mbili za mwisho ni sufuri. Ukiandika herufi O, ukurasa hautapatikana mtu akiutafuta, na tumeshalazimika kuusahihisha.

Kilichonigusa zaidi ni ukurasa wa MPT 1327. Hiki ni kiwango cha tranki cha Uingereza kilichochapishwa 1988 na kikaenea nchi nyingi, na siku hizi wengi wanakizima na kuhamia DMR. Mzee wetu wa Jinja, fundi aliyestaafu, alikuja mkutanoni na daftari lake la kazi, jalada limeshonwa kwa uzi wa nailoni. Ndani alikuwa ameandika kwa kalamu ya risasi anwani za redio alizowahi kuzihudumia, kiambishi kwanza na kitambulisho baadaye. Mwenye kiwango mkononi ataelewa mara moja: biti 7 za kiambishi na 13 za kitambulisho, viambishi 128 na vitambulisho 8,192 chini ya kila kimoja. Pembeni ameandika saa ambazo mnara ulilemewa na foleni ya maombi. Akatueleza jinsi alivyokuwa akitambua kwa sikio tu kama chaneli ya udhibiti ina afya, kwa mkwaruzo wake wa biti 1,200 kwa sekunde unaopanda na kushuka kati ya Hz 1,200 na 1,800. Nilipokuwa namsikiliza niliwaza ni madaftari mangapi ya namna hii yamewashia jiko.

Mwajiri wake wa zamani alikubali kwa barua tuandike muundo, kwa kuwa mtambo umezimwa miaka mingi. Majina ya watumiaji tumeyaacha nje. Anwani zenyewe tumeziweka kama mifano, na Mzee ametajwa kama chanzo kwa cheo chake tu, kama alivyoomba. Mzee, shikamoo, na asante sana. Ningependa mwaka ujao kila tawi litafute fundi mstaafu mmoja na kukaa naye, likianza na barua ya mwajiri kabla ya kufungua daftari. Mfumo unaofanya kazi unaweza kupimwa hata mwaka kesho. Uliozimwa hauna chaneli ya udhibiti ya kutuambia lolote, na wanaoukumbuka wanazeeka.

Kuhusu mengine: wanachama wanaosubiri leseni za redio ya ridhaa waonane na katibu, ambaye anafuatilia maombi UCC, na asiye na alama ya mwito inayoanza na 5X asirushe chochote hewani, hata kwa majaribio. Kompyuta ya chama imetengenezwa. Mafunzo ya kuhariri wiki yataendelea Jumamosi, na kina mama waliojiunga mwaka huu wameomba yawe asubuhi, kamati imekubali.

Mbele yenu kuna mapendekezo mawili ya kupigia kura. La kwanza ni kununua vidude viwili vyenye kioo kinachodhibitiwa joto, ambavyo kosa lake ni kama sehemu moja katika milioni, vitunzwe na katibu na kuazimwa kwa wapimaji. La pili ni kuongeza mkabidhi mmoja kutoka nje ya Kampala, kwa sababu maombi ya kurudisha mistari kutoka kurasa za majadiliano yanakaa muda mrefu mno bila kujibiwa, na wanaoumia zaidi ni wale wa mikoani. Mimi naunga mkono yote mawili. Mtunza hazina atasoma hesabu kwanza, ndipo tupige kura tukijua mfuko wetu una nini.

Mwenyekiti