Mgongo wazi umeonekana kwenye ekografi ya wiki ya 21: tuwaeleze nini wazazi hawa?

Wapendwa washauri na wasomaji,

Sisi ni wakunga na wauguzi wa kliniki ya wajawazito hapa Lubumbashi. Tunaandika kwa ajili ya mume na mke waliotukubalia kuleta jambo lao mbele yenu, mradi tusitaje majina wala komini yao. Mama ana mimba ya pili. Kifungua mimba wao ni mzima. Ekografi (picha ya mtoto tumboni) ya wiki ya 21 imeonyesha kwamba uti wa mgongo wa mtoto haukufunga sehemu ya chini, na vyumba vya maji ndani ya ubongo vimepanuka hadi milimita 13. Baba anataka mimba iendelee. Mama hajasema lolote, na mama mkwe ameshasema kwa niaba ya wote. Wanatuuliza waendelee au waache. Hilo ni lao kuamua. Ila tungependa waamue wakijua ugonjwa ni upi, umekaa wapi mgongoni, na mtoto wa namna hiyo hutunzwaje nyumbani kila siku. Tunaeleza tunachokijua, kisha tutauliza.

Karatasi waliyopewa inasema tu "kasoro ya mfumo wa neva". Maneno hayo yamebeba magonjwa yasiyofanana hata kidogo. Mtoto ambaye fuvu lake halikufunga juu na ubongo haukujengeka (anensefali) hufia tumboni au huishi saa au siku chache, na hakuna upasuaji wa kumsaidia. Ubongo ukitokeza nje ya fuvu kama kifuko, matumaini hutegemea ni kiasi gani kimetoka. Mwenye mgongo wazi, yaani spina bifida, anaweza kukua, kusoma na kufanya kazi, akifungwa jeraha mapema na figo zake zikilindwa. Tumewahi kusikia wazazi wa mtoto wa aina hii ya tatu wakiambiwa "hataishi". Huo ni uongo, hata kama aliyeusema alikusudia huruma.

Kwa hiyo jambo la kwanza tunalowaomba wazazi ni ekografi ya pili, kwa mtu aliyezoea kusoma mgongo wa mtoto tumboni. Waende na maswali yameandikwa. Vyumba vya maji vina upana gani? Chini ya milimita 10 ni kawaida, 10 hadi 15 ni upanuzi wa wastani, zaidi ya 15 ni mkubwa. Na kipimo kikichukuliwa kwa mshazari hutoa namba kubwa kuliko ukweli. Je, paji la uso limebonyea pande zote mbili, alama ambayo madaktari huiita ya limau? Je, serebela, yaani ubongo mdogo wa nyuma, imejikunja na kuvutwa nyuma, alama ya ndizi? Ya ndizi ndiyo tunayoiamini zaidi, kwa sababu ya limau huonekana hata kwa watoto wachache wazima, na baada ya wiki ya 24 hivi hufifia hata kwa mgonjwa. Pingili ya juu kabisa iliyo wazi ni ya ngapi? Nyayo zimepinda? Na moyo, figo, ukuta wa tumbo, vidole: vyote vitazamwe, kwa maana kasoro zikikutwa sehemu nyingi huenda shida ni ya kromosomu, na hapo mazungumzo yanabadilika kabisa.

Mtoto akilaza mgongo kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi, hakuna mashine itakayouona vizuri. Mama atembee kidogo, arudi baada ya nusu saa, au aje siku nyingine. Baba naye tumemwonya kuhusu jambo moja linalowapa wengi faraja ya haraka: kuona miguu ikicheza kwenye ekografi si dalili ya kwamba mtoto atatembea. Miguu ya tumboni huweza kusukumwa na mishipa ya mgongo peke yake, bila amri ya ubongo.

Pingili ndiyo inayosema mengi kuhusu kutembea. Jeraha likianzia kwenye sakramu, yaani mfupa wa chini ya mgongo kati ya nyonga, wengi hutembea, pengine na viatu maalumu. Likianzia L4 au L5 (pingili ya nne au ya tano ya kiuno, ukihesabu kutoka juu), kama inavyodhaniwa kwa mtoto huyu, wengi hutembea na vyuma vya mguu au magongo, na safari ndefu huhitaji kiti cha magurudumu. Likianzia L2 kwenda juu, kiti ndicho njia ya kila siku. Kipimo cha ekografi kinaweza kukosea kwa pingili moja au mbili, kwa hiyo tunawaambia wazazi wafikirie hali mbili, ile njema na ile nzito, wasishike namba moja. Akili? Walio wengi wana akili ya kawaida. Hesabu na kutulia darasani ndivyo huwashinda baadhi yao. Kinachoharibu ubongo zaidi ni maji yaliyoachwa yajae na maambukizi yaliyochelewa kutibiwa.

Sasa mkojo. Hapa tunakaa sana, kwa sababu wazazi huuliza habari za miguu tu, na baadaye kibofu ndicho kinachoamua maisha. Hata jeraha likiwa chini kabisa, karibu kila mtoto hana udhibiti kamili wa mkojo na choo. Kibofu kisichomwagika hurudisha mkojo juu, na figo huharibika polepole bila maumivu. Dawa yake ni sonda, mrija mwembamba unaoingizwa kwenye kibofu na kutolewa, kila baada ya saa tatu au nne mchana, kwa mikono iliyooshwa na sabuni. Njia hii ilianza kuenea tangu 1972, daktari Jack Lapides wa Marekani alipoonyesha kwamba usafi wa kawaida unatosha, si lazima vifaa vilivyochemshwa kama vya chumba cha upasuaji. Mama hujifunza kwa siku chache. Mtoto mwenyewe, akiwa na mikono mizima, hujifunza anapofika umri wa shule. Choo nacho huwekewa saa moja ileile kila siku, kwa kuingiza maji ya chumvi kwenye njia ya haja kubwa. Na kwa kuwa nyayo hazihisi, maji ya kuoga yapimwe kwa kiwiko, na mtoto asiachwe karibu na mbabula, jiko la makaa. Vidonda vya kuungua na vya kukalia huchukua miezi kupona.

Tiba yenyewe ina hatua mbili. Jeraha lifungwe ndani ya saa 72 baada ya kuzaliwa, na 48 ni bora, kabla vijidudu havijaingia kwenye uti wa mgongo. Kisha maji ya kichwani. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2011, kati ya watoto waliofungwa jeraha baada ya kuzaliwa, 82 kwa 100 walihitaji mrija wa kuyatoa maji kabla ya kutimiza mwaka. Mrija huo wenye valvu huziba mara kwa mara, hasa mwaka wa kwanza, na ukiziba mtoto anahitaji daktari siku hiyohiyo. Familia inayokaa mbali na mji ilifikirie hili kwa uzito. Njia nyingine iliendelezwa na daktari Benjamin Warf huko Mbale, Uganda: hutobolewa njia mpya ya maji ndani ya ubongo na kuchomwa tishu zinazoyatengeneza, wala hakuna kifaa kinachobaki kichwani. Hospitali ya watoto ya CURE mjini Lusaka inatibu mgongo wazi na vichwa vya maji. Lubumbashi nayo ina wapasuaji wa ubongo na mgongo, ila mzazi aulize mapema: daktari yupo wiki ya kuzaa? Valvu ipo dukani au inaagizwa? Amana ni kiasi gani? Na kama wameazimia Lusaka, mama avuke mpaka wa Kasumbalesa kabla ya uchungu. Mtoto akizaliwa huku, saa 72 zitaishia kwenye kutafuta karatasi zake za safari.

Wakiendelea na mimba, mpango wa kuzaa uandikwe. Kupasuliwa si lazima kwa kila mama. Ni lazima kama mtoto ametanguliza makalio au kichwa kimekuwa kikubwa kupita njia. Mtoto alazwe kifudifudi au ubavu. Jeraha lifunikwe kwa kompresi (vitambaa vya shashi) safi zilizolowa serumu ya chumvi ya 0.9%, juu yake plastiki safi ili zisikauke. Spiriti na iodini zisiguse neva zilizo wazi. Glavu zisiwe za mpira wa lateksi, kwa kuwa watoto hawa hupata mzio wake kwa urahisi. Kichwa kipimwe kila siku kwa utepe uleule. Kikiongezeka zaidi ya sentimita moja kwa wiki, au utosi ukivimba, au macho yakibaki yakitazama chini, waende hospitali bila kungoja.

Wakiamua kutoendelea, sheria inaingia. Kanuni ya Adhabu ya Kongo, vifungu 165 na 166, humwadhibu anayetoa mimba na mama mwenyewe. Itifaki ya Maputo, iliyochapishwa kwenye gazeti rasmi la serikali mwaka 2018, inaruhusu katika kifungu cha 14 pale mimba ilipotokana na ubakaji, shambulio la kingono au maharimu, au inapohatarisha afya ya mwili au ya akili ya mama, au uhai wa mama au wa mtoto tumboni. Ulemavu wa mtoto haukutajwa peke yake. Upande wa pili wa mpaka, sheria ya Zambia ya 1972 inautaja waziwazi: ikiwa kuna uwezekano mkubwa wa mtoto kuzaliwa na ulemavu mzito, madaktari watatu wakikubaliana, mmoja wao akiwa bingwa wa fani husika, mimba inaweza kutolewa hospitalini. Tunachokiogopa ni njia ya tatu, vidonge vya kununua sokoni. Katika wiki ya 22 vinaweza kuleta damu isiyokatika, na kwa mama mwenye kovu la kupasuliwa, mfuko wa uzazi hupasuka. Huyu mama ana kovu hilo.

Lawama nazo zimeanza. Mama mkwe anasema mke alivunja mwiko. Baba anajilaumu kwa sababu anafanya kazi ya madini. Utafiti uliofanyika Lubumbashi kati ya 2013 na 2015, ukachapishwa 2020, ulikuta hatari ya mtoto kuzaliwa na kasoro ni kubwa zaidi, karibu mara tano na nusu, pale baba anapofanya kazi ya madini. Hiyo ni hesabu ya watu wengi na haimhukumu baba mmoja. Inatosha kumfanya avue nguo za kazi nje na kuoga kabla ya kuingia ndani, basi. Uti wa mgongo hufunga kabla ya siku ya 28 tangu mimba kutungwa, wakati mama wengi hawajajua hata kama wana mimba. Ndiyo sababu vidonge vya chuma na asidi ya foliki tunavyogawa kliniki, mama akija mwezi wa nne, huongeza damu lakini kwa mgongo vimechelewa. Kwa mimba ijayo, vyovyote watakavyoamua sasa, mama huyu anahitaji miligramu 4 au 5 za asidi ya foliki kila siku kuanzia angalau mwezi mmoja kabla ya kushika mimba hadi wiki ya 12. Utafiti wa 1991 ulionyesha dozi kubwa hupunguza kujirudia kwa takriban 70 kwa 100. Baada ya hapo arudi kwenye miligramu 0.4, kwa sababu dozi ya 5 hudhoofisha Fansidar ya kukinga malaria. Na anayetumia valproati kwa kifafa aonane na daktari kabla ya kupanga mimba, asiiache ghafla.

Haya ndiyo tunayoomba.

Wanasheria: mama wa Kikongo akitolewa mimba Zambia kwa kufuata sheria ya huko, anaweza kushtakiwa akirudi? Na sisi tukimwambia tu kwamba sheria hiyo ipo, tumetoa habari au tumeshiriki? Baadhi yetu wanaona kunyamaza ni kumdanganya mgonjwa. Wengine wanaona tunaweka leseni zetu rehani. Hatujakubaliana.

Wazazi mnaolea mtoto mwenye mgongo wazi hapa Katanga: sonda mnazipata wapi, moja mnaitumia muda gani, na kwa mwezi mnatoa faranga ngapi? Shule ilikubali? Nani anamwekea mtoto sonda saa za masomo? Tafadhali andikeni pia yaliyowashinda. Wazazi hawa wanahitaji kuyasikia kutoka kwenu kuliko kutoka kwetu.

Nanyi mapadri, wachungaji na wazee mnaokaa kwenye vikao vya familia: tufanyeje ili mama apate saa moja ya kuongea na daktari peke yake, kisha saa nyingine na mumewe, kabla ya ukoo kuketi, bila mama mkwe kuona kwamba amefukuzwa? Tumewaza kumpa mama mkwe kazi, kwa mfano kukaa na kifungua mimba siku ya ekografi ya pili. Ekografi hiyo ni Alhamisi ijayo, na majibu yenu tutawafikishia kabla ya hapo.

Wakunga na wauguzi wa kliniki ya wajawazito, Lubumbashi