Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Kundi la Maua ya Msituni

Ndugu wanachama,

Mwaka huu tumefanya matembezi 9, semina 2, na daftari letu limefika mimea 212. Hayo mnayajua, siyarudii.

Nije kwenye lile linalosemwa pembeni, kwamba nimefuta rekodi za mimea walizoleta watu. Sikufuta. Niliwarudishia wenyewe rekodi 47 zilizoletwa na picha moja ya ua pamoja na jina lililotolewa na programu ya simu ya kutambua mimea. Kamati ilikubali, ingawa leo naona lawama nimeachiwa peke yangu.

Chukueni ule mmea wa kivulini: shina la pembe nne, majani mawili mawili yanayokabiliana, ua lenye midomo miwili. Simu ilisema ni jamii ya mnanaa, na watu 6 wakaandika hivyo hivyo. Nilirudi peke yangu Jumapili, mvua ikininyeshea, nikatazama lililobaki baada ya ua kunyauka. Kwa kawaida tunda la jamii ya mnanaa hugawanyika vipande vinne vidogo, vinavyokaa ndani ya kile kikombe cha kijani kilichoshika ua. Hili lilikuwa ganda refu, kavu, limepasuka katikati na kurusha mbegu zake. Hiyo ni Acanthaceae, jamii nyingine kabisa ya mimea, ambayo nayo mara nyingi ina shina la pembe nne. Simu haikungoja tunda.

Ndiyo maana nikataka picha ya ua kwa ubavu, jani pande zote mbili, shina, na tunda likiwepo. Mwenzetu mmoja aliuliza kosa la jina linamuumiza nani. Gloriosa superba, ule mmea unaopanda wenye maua mekundu na manjano, ina sumu mwili mzima, na kiazi chake kimewahi kuliwa kwa kudhaniwa kiazi cha kawaida. Na hapana, kung'oa mmea ili mje mnionyeshe si njia ya mkato. Okidi ya msituni inayoota ardhini huishi kwa kutegemea kuvu wa udongoni, ukiihamisha mara nyingi inakufa.

Mahudhurio yanasikitisha. Matembezi ya mwisho tulikuwa 5, na mmoja alikuwa amemsindikiza mkewe. Waliolipa ada ni 29 kati ya 83, na wanaopiga kelele kuhusu rekodi wengi wao hawamo katika hao 29. Lenzi za mkono za kukuzia maua nilinunua kwa fedha yangu, sijadai.

Mwakani, Mungu akipenda, tutaangalia uwezekano wa kijitabu.

Lenzi mbili hazijarudi. Aliyenazo anajijua.

Mwenyekiti