Mahindi ya mathe yanaita mwizi

Niaje Omosh,

Huku Uthiru mvua imeanza, matope ni ile ya kubeba viatu mkononi mpaka steji. Ile picha ya shamba la mathe imenisumbua wiki nzima, hayo majani ya mahindi ya zambarau na kayongo, lile gugu la kunyonya mizizi, imechanua pinki katikati, nilidhani ni shida mbili kumbe ni moja, udongo umekosa fosforasi, ile madini mimea inahitaji ndio imee.

Jumapili nilichimbua shina moja la mahindi hapa nyuma ya ploti, na kijiko, polepole, nikaosha mizizi kwa karai. Imejaa vinywele na mingi imetambaa karibu na uso wa udongo, kwa sababu hiyo fosforasi kidogo iliyoko iko hapo. Yale majani ya chini yanakauka kwanza nayo si ugonjwa, mmea wenyewe unayanyonya unapelekea machanga, si unakumbuka vile mathe alikuwa anajifanya hapendi mandazi ndio sisi tushibe.

Sasa noma iko hapa. Mahindi yakikosa fosforasi mizizi inamwaga kemikali inaitwa strigolaktoni, ya kuita kuvu wazuri, hao wako na nyuzi nyembamba sana zinafika mahali mzizi haufiki, wanaleta fosforasi na mahindi yanawalipa sukari. Lakini mbegu ya kayongo, ndogo kama vumbi, inaweza lala kwa udongo miaka 10 na zaidi ikingoja tu dalili hiyo hiyo, ikiipata inaamka inajishika kwa mzizi. Yaani unapiga nduru majirani waje, na mwizi naye anajua ni wapi. Ndio maana mnang'oa kila mwaka na inarudi, na shamba likichoka zaidi inazidi.

Kwa hivyo kung'oa peke yake ni kujichosha. Wekeni samadi na mbolea ya DAP kidogo kwa shimo mkipanda, iko na fosforasi, alafu mjaribu ile mbinu ya vuta sukuma ya icipe, wale watafiti wa wadudu, unapanda desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, katikati ya mahindi, mizizi yake inaamsha kayongo na kuimaliza kabla ishike mahindi, naitrojeni inaongeza, na ng'ombe anakula.

Mbaazi zangu za kando ya fensi hazijawahi ona mbolea na ziko fiti, mizizi yake inatoa asidi ya kubandua fosforasi iliyoshikwa na chuma kwa huu udongo mwekundu. Nitakutumia gorogoro moja na basi ya Ijumaa, mwambie mathe asizipike.

Kim