Malalamiko kuhusu siku ya The Baths, safari ya boti za matanga ya Februari, Visiwa vya Virgin vya Uingereza

Kwa meneja wa safari,

Habari za kazi dada. Mimi ni mteja wenu wa safari ya Februari, tulikuwa watu watano katamarani ya pili (ile boti ya matanga yenye viunzi viwili), mimi, mume wangu, vijana wetu wawili na mama yangu mzazi. Nimeshawapigia mara tatu na nimetuma meseji WhatsApp zimesomwa hazijajibiwa, kwa hiyo naandika barua kamili ili msije kusema hamkujua.

Nianze na mama maana yeye ndo sababu ya safari yenyewe. Mwaka huu ametimiza miaka 70, wadogo zangu wa Mwanza na Dar wakachanga na mimi huku Marekani nikaongezea tukamleta. Mama amekulia Igogo, Mwanza, nyumba yao ilikuwa imeegemea jiwe, yani ukuta wa nyuma ni jiwe, na utotoni walikuwa wanaanika dagaa juu ya mawe. Sasa mlipotuma lile tangazo lenye picha ya The Baths kisiwa cha Virgin Gorda, mawe makubwa ya mviringo yamerundikana ufukweni na maji ya kijani yanapita katikati, mama aliishika simu yangu muda mrefu akasema hili ni jiwe la Bismarck, lile la kwetu Mwanza pale ziwani, nani kalipeleka huko? Siku hiyo hiyo nikalipa advansi. Nilimuuliza mhudumu wenu kwa maandishi, na meseji ninayo, kama mtu wa miaka 70 asiyejua kuogelea ataweza kufika kwenye mawe, nikajibiwa "ndiyo ataweza bila shida, mtafika mapema na mtakuwa na masaa matatu".

Sasa nawaeleza kilichotokea.

Ratiba yenu ilisema tunang'oa nanga Road Town, kisiwa cha Tortola, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Tumeamka saa kumi na moja, mama kajifunga kilemba chake kakaa mbele ya boti anasubiri, alafu nahodha anakuja anatuambia hatuwezi kuondoka kwa sababu kibali cha kutumia maboya ya hifadhi ya kufungia boti hakijalipiwa, na kule The Baths ni hifadhi ya taifa tangu 1990, bila kibali hafungi boti. Kibali kilikuwa kazi yenu, kipo kwenye invoisi yangu kabisa. Tukasubiri mpaka ofisi ifunguliwe na mtu wenu apatikane kwenye simu, tumeondoka saa nne. Nahodha simlaumu, ni kijana wa kule kule Tortola, mstaarabu na bahari anaijua kwelikweli, ila upepo wa kule unatoka mashariki na sisi tunaelekea huko huko, na matanga hayaendi moja kwa moja kuelekea upepo, kwa hiyo ni kwenda zigizaga mkondo mzima wa Sir Francis Drake, tumefika saa sita na nusu.

Na mtu yeyote anayepeleka watu pale anajua saa sita ni kuchelewa. Maboya ya mchana hayawekewi nafasi, anayewahi ndo anapata, na ukipata una dakika 90 tu umpishe mwingine. Tulizunguka na boti zaidi ya saa nzima tunasubiri mtu aachie, jua linawaka, mama anayaona mawe yale pale. Tukapata boya la mbali saa nane kasoro.

Alafu ndo likaja ambalo hamkuwahi kutuambia. Kiboti cha mpira cha kushukia hakiruhusiwi kufika mchangani. Unakifunga kwenye kamba ya maboya nje ya ufukwe, alafu unaruka majini unaogelea mpaka nchi kavu. Kwa anayejua kuogelea ni mwendo mfupi, ila siku hiyo bendera ya ufukweni ilikuwa ya njano, maana yake tahadhari, mawimbi yanapanda na kushuka kwenye mawe, na mama yangu hajawahi kuogelea maisha yake yote. Nahodha alijitolea kumvuta na laifu jaketi, mama akaangalia maji akaniambia hapana mwanangu, nitakuharibia siku, wewe nenda ukaone uje unisimulie. Alibaki kwenye boti na mume wangu na kijana wetu mdogo. Hilo neno "uje unisimulie" mpaka leo linaniuma.

Nikaenda na kijana wangu mkubwa. Na niseme ukweli wangu wote, pale mahali ni pazuri kuliko picha zenu. Unainama unapita chini ya jiwe, unatokea kwenye chumba, mawe mawili makubwa yameegemeana juu kama paa, jua linaingia kwenye ufa linapiga maji na maji yanang'aa ukutani, miguuni ni mchanga na maji ya magotini yanaingia na kutoka kila wimbi likipumua. Kuna mawe yanafika mita 12. Kuna ngazi za mbao na kamba za kushikilia, sehemu nyingine unajibana ubavu ubavu. Kijana wangu alisoma kabla ya safari, akawa ananieleza kwamba hii ni granaiti, ilipoa chini ya ardhi makumi ya mamilioni ya miaka iliyopita, ikapasuka nyufa, ardhi ikainuka, mvua na hali ya hewa zikala pembe mpaka zikawa duara, na mawe ya Mwanza yametengenezwa kwa njia hiyo hiyo ila ya kwetu ni mazee mno, zaidi ya miaka bilioni 2. Nikawa nashika jiwe nasema mama angelijua hili kwa mkono tu, lile chengachenga linalokwaruza kiganja, angelijua. Tukawa tunaangalia saa, hatukufika hata Devil's Bay ambako njia inatokea, tumegeuka katikati kwa sababu dakika 90 zilikuwa zinaisha. Masaa matatu mliyoniuzia yamekuwa dakika kama 40, na kwa mama sifuri.

Na sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya niandike. Usiku ule tulilala bandari ya boti pale Spanish Town, kisiwa hicho hicho cha Virgin Gorda, na alfajiri tukaondoka kwenda kisiwa cha Anegada kama ratiba yenu ilivyosema. Siku tatu baadae tukirudi nahodha kwa huruma yake akapitia tena The Baths, tukakuta bendera nyekundu, mawimbi ya kaskazini yameingia, hakuna kushuka. Siku ya mwisho Road Town namsimulia dereva taksi habari ya mama, akashangaa sana, akaniuliza kwa nini hamkumpeleka kwa barabara? Kumbe kuna barabara! Kutoka Spanish Town tulipolala unapanda taksi dakika chache, unafika getini juu, unashuka kwa miguu kanjia taratibu mpaka ufukweni, hakuna kuogelea. Mama yangu anapanda vilima vya Igogo kila siku kwenda sokoni, angeshuka kile kinjia. Hata kama zile ngazi za ndani zingemshinda angekaa mchangani na kuegemea jiwe, na hilo tu ndo alilolitaka.

Tulilala jirani na mawe, usiku mzima, na kampuni yenu inayouza safari hii kila mwaka haikumwambia nahodha kwamba ndani ya boti kuna bibi asiyejua kuogelea, wala haikuniambia mimi kwamba njia ya nchi kavu ipo. Nilimuuliza nahodha akasema yeye alipewa ratiba na idadi ya watu basi, umri na hali ya wageni hakupewa. Fomu tulijaza zote, kuna sehemu inauliza kuogelea, nikaandika mama hajui, kwa herufi kubwa. Hiyo fomu ilienda wapi?

Nimelipa dola 2,450 kila mtu. Mawimbi ya kaskazini sidai, miezi ya baridi yanakuja na hakuna wa kuyazuia, japo mngetakiwa kuyaandika kwenye tangazo badala ya neno "uhakika". Ninachodai ni kilichokuwa mikononi mwenu. Mnirudishie hela ya siku ile kwa watu wote watano na ada ya kibali mliyonitoza mkachelewa kulipa. Kwenye tangazo muandike wazi kwamba kwa boti lazima uogelee kufika ufukweni na kwamba asiyejua anaweza kupita barabara, maana nimeona mnatangaza safari nyingine na kwenye maoni watu wanauliza kama wanaweza kuja na wazazi wao, na mnawajibu kama mlivyonijibu mimi.

Na mumpigie mama. Sio meseji, apigiwe na mtu mzima mwenye heshima, amwamkie, amwambie kosa lilikuwa la ofisi, kwa sababu mama mpaka saivi anaamini yeye ndo alitucheleweshea siku kwa kutojua kuogelea na kila nikimwambia sivyo ananiambia yaishe mwanangu. Yupo kwangu mpaka tarehe 18 Aprili ndo anarudi Mwanza. Namba yangu mnayo, jioni baada ya saa moja tunakuwa wote nyumbani.

Nasubiri majibu yenu ndani ya wiki mbili.

Mteja wenu, katamarani ya pili, kundi la Februari