Unayempenda mpe bia nyepesi, si tamu ya kumlewesha

Kwa Mhariri,

Msomaji wenu mmoja amewashauri vijana wanaotengeneza pombe nyumbani kwamba wakitaka kumkaribisha msichana waliyempenda, wamtengenezee divai ya matunda yenye sukari tele, eti wanawake hupenda vitamu. Napinga. Divai ya nanasi iliyomiminiwa sukari inaweza kufika asilimia 12 ya kileo, na utamu ule ule ndio unaoficha ukali. Mgeni anadhani anakunywa sharubati, kisha anainuka kwenda kupanda matatu na miguu haimtii. Kijana anayechagua kinywaji cha namna hiyo makusudi ana jina lake, nanyi hamtalichapisha.

Mimi ni fundi wa friji hapa Umoja, na bia huipika ya kunywa na jamaa tu. Kuna dada mmoja wa Kilifi anayeuza vitenge sokoni Gikomba, ambaye moyo wangu umemwelekea. Kwanza nilimuuliza kama hunywa. Akasema hunywa kidogo, ila bia za baa zinamshinda kwa uchungu. Jibu hilo ndilo lililonichagulia.

Uchungu wa bia hutoka kwenye maua ya hopsi. Huagizwa ng'ambo, kwani mmea wake hupenda siku ndefu za kiangazi cha Ulaya, na sisi wa ikweta mchana wetu ni wa saa 12 mwaka mzima. Kadiri unavyoyachemsha ndivyo uchungu unavyozidi. Basi nikaamua kupika bia ya ngano ya Kijerumani, ile ya Bavaria: hopsi kidogo mno, angalau nusu ya kimea ni ngano, kileo kama asilimia 5.

Raha ya bia hii (mnivumilie, hapa ndipo ninapopenda) iko kwenye hamira yake. Hutoa harufu ya ndizi mbivu na karafuu bila ndizi wala karafuu kuingia sufuriani. Joto likipanda, ndizi hutawala. Likishuka, karafuu hujitokeza. Nina friji kuukuu ambayo mteja hakuirudia, nikaifungia kidhibiti kipya cha joto na kuiweka chini, nyuzi 18, kwa kuwa nilijua mtu wa Pwani ataitambua karafuu kabla ya chochote. Na kweli, nilipommiminia alinusa kwanza, akaniuliza nimetia punje ngapi. Nikamwambia hakuna hata moja. Hakuniamini, akainua glasi kwenye taa akaanza kuzitafuta, na bia yenyewe ni ya ukungu kwa sababu ya ngano na hamira, haionyeshi kitu.

Wapo watakaosema ningempa muratina. Naipenda sana, asali yake na lile tunda lake lililokaushwa, lakini kwetu Wakikuyu hiyo ndiyo pombe ya ruracio, yaani ya kupeleka mahari. Kumpa msichana mliyezoeana juzi ni kama kutuma wazee kwao kabla hujajua baba yake anaitwa nani. Busaa nayo, ile pombe ya nafaka, ni nzito na chachu, inamtaka aliyekua nayo.

Kabla ya kumimina nilimwambia kileo ni kiasi gani, na glasi ilikuwa ndogo. Samaki wa kukaanga alikuwa mezani tayari, maana bia ya ngano na samaki huelewana, na tumbo tupu halina mzaha. Glasi ya pili aliiomba mwenyewe. Huyo msomaji wenu akitaka kuonja tofauti, karibu Umoja, ila aje ameshakula na nauli ya kurudi iwe mfukoni.

Fundi wa friji,
Umoja, Nairobi