Salamu za Shukrani: Mama Yetu Alitegemea Neema, Si Stahili Yake

Sisi watoto, wakwe na wajukuu wa marehemu mama yetu mpendwa, mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa, tuliyempumzisha nyumbani Machame, mkoani Kilimanjaro, tunatoa shukrani zetu za dhati kwa wote walioshirikiana nasi kwa hali na mali tangu siku za kumuuguza hadi maziko. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, mchungaji na wainjilisti wa usharika, kwaya, wanajumuiya waliokesha nasi, majirani waliokata migomba na kufunga maturubai kabla hatujawaomba, na akina mama waliopika kwa zamu mvua ikiwanyeshea. Si rahisi kumtaja kila mmoja.

Mliokuwepo mtakumbuka kwamba wasifu wake ulikuwa mfupi kuliko ilivyozoeleka. Mama mwenyewe aliagiza zisisomwe kamati alizoongoza wala michango aliyotoa kwa ujenzi wa kanisa, bali lisomwe neno la Waefeso 2:8-9, kwamba tumeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, wala si kwa matendo, mtu awaye yote asije akajisifu. Wasemaji kadhaa, kwa upendo mkubwa, walisema kwamba kwa wema wake amejiandalia mahali mbinguni. Upendo huo tumeupokea kwa heshima, ila kauli yenyewe hatuwezi kuiacha ipite, kwa sababu mama asingeikubali.

Kwa miaka mingi alifundisha kipaimara, na Katekisimu Ndogo, kijitabu cha mafundisho ya imani alichokiandika mwanamatengenezo wa Kanisa Martin Luther mwaka 1529, aliikariri yote. Mwanafunzi alipofika pale Mkristo anapokiri kuwa hawezi kumwamini Yesu Kristo kwa akili wala kwa nguvu zake mwenyewe, mama alimsimamisha na kumrudisha mwanzo wa sentensi, hata mara tatu, mpaka aone kwamba imani yenyewe ni kitu alichopewa. Alipenda pia kuwaeleza kuwa kikaratasi cha mwisho alichoandika Luther, kabla hajafariki mjini Eisleben mwezi Februari 1546, kilisema kwamba sisi ni ombaomba, na hiyo ndiyo kweli. Mtu asidhani kwa hayo kwamba aliyadharau matendo mema. Waliowahi kuchelewesha sadaka ya jumuiya wanaujua ukali wake. Kwake matendo yalikuwa shukrani ya mtu aliyekwisha kusamehewa, hayakuwa malipo.

Katika majuma yake ya mwisho hakuweza tena kushika Biblia, na sala zake ndefu tulizozizoea zilibaki sentensi moja ya yule mtoza ushuru wa Luka 18: “Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi.” Mwanzoni baadhi yetu tuliumia kumsikia mama wa namna ile akijiita hivyo. Baadaye ndilo lililotufariji kuliko yote, maana kama wokovu wake ungesimama juu ya nguvu zake, tungeuona ukipungua kila siku pale kitandani.

Ibada ya kumshukuru Mungu itafanyika nyumbani, na mchungaji atatangaza siku kanisani. Baada ya ibada tutakula pamoja. Daftari la rambirambi limekwisha kufungwa, hivyo tunaomba kwa unyenyekevu asije mtu na bahasha.