YAH: MFUMO WENU KULIPA WAKULIMA MARA MBILI

Kikundi cha Wakulima wa Korosho,
Newala, Mtwara.
4 Novemba

Meneja, Huduma kwa Wateja.

Ndugu,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mlitufungia seva tatu, yaani kompyuta za kuidhinisha malipo: Newala, Masasi na Mtwara mjini. Mkatuambia malipo hayapiti mpaka seva mbili zikubaliane. Hilo halikuhitaji darasa; hata mkutano wetu ukikosa akidi tunaahirisha. Na katika tatu huwezi kupata mbili huku na mbili kule bila moja kuwa pande zote, kwa hiyo maamuzi mawili yanayopingana hayawezi kupita.

Septemba seva ya Masasi iliungua. Mbili zilizobaki zilitosha kutimiza akidi. Lakini fundi wenu, akiwa huko huko kwenu, aliishusha akidi kutoka seva mbili hadi moja "ili kazi isisimame". Hakutuambia.

Tarehe 29 Oktoba mawasiliano kati ya seva ya Newala na ya Mtwara yalikatika kuanzia saa tatu asubuhi hadi adhuhuri. Kila moja ikajiona ndiyo mkutano mzima. Newala tuliidhinisha malipo ya wakulima saba. Mtwara bado walisomeka hawajalipwa, wakaidhinishiwa tena. Bibi mmoja alikuja kesho yake na pesa ya ziada amezifunga kwenye pindo la kanga, hata nauli hakutoa humo. Wale sita hawapokei simu.

Fundi anasema mfumo ungesimama, tungelalamika vilevile. Ungesimama tungesubiri! Kusubiri malipo ya korosho tumekuzoea kuliko anavyodhani. Mimi nafuga nyuki, nao wana akidi yao. Kundi linalohama huning'inia tawini, pengine siku kadhaa, nyuki wapelelezi wakikagua mashimo ya kuhamia. Profesa Thomas Seeley wa Marekani, aliyewachunguza kwa miaka mingi, alikuta kundi halijiandai kuruka mpaka wapelelezi kama 20 au 30 wawe pamoja kwenye shimo jipya. Mmoja, hata acheze vipi kulinadi shimo lake, hahamishi kundi.

Tunataka akidi irudi mbili leo hii, hata malipo yakichelewa. Seva ya Masasi iletwe ndani ya siku 14, na kiwango cha akidi kisiguswe tena bila maandishi ya mwenyekiti na katibu, wote wawili. Pesa za wale sita ni juu yenu. Za bibi tumeshazipokea, na risiti anayo.

Katibu wa Kikundi